Jengo Huamuliwa Kabla ya Msingi: Mhadhara Kuhusu Ujenzi, Nishati na Mazingira



Nimeombwa nizungumzie faida ambazo mazingira yanazipata kutokana na majengo yanayotumia nishati kidogo, na kutokana na ujenzi usiomaliza mali ya watakaotufuata. Mada ni pana, kwa hiyo nitaishika kwa dai moja na kulitetea hadi mwisho. Dai lenyewe ni hili: sehemu kubwa ya madhara au nafuu ambayo jengo litaleta huamuliwa kabla ya msingi kuchimbwa. Huamuliwa mezani, ramani inapochorwa, pale mtu anapochagua nyumba itazame upande gani, paa litokeze kiasi gani, ukuta ujengwe kwa kitu gani, na upepo uingilie wapi na kutokea wapi. Baada ya hapo mwenye nyumba anaweza kununua taa nzuri na feni nzuri, lakini atakuwa anapunguza tu makali ya uamuzi uliokwisha kupita.

Nasema haya sasa kwa sababu tunajenga kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu Watanzania milioni 44.9, ile ya mwaka 2022 ikatukuta milioni 61.7. Watu hao wote wanahitaji vyumba, madarasa, zahanati, maduka na maghala. Pita Chanika, Bunju, Kibaha au Kigamboni asubuhi yoyote utakuta kamba za msingi zimevutwa. Nyumba zinazoanza leo zitasimama miaka 50 na zaidi. Tukizijenga vibaya, wajukuu wetu watalipia kwa umeme, kwa joto na kwa misitu iliyokwisha. Tukizijenga vizuri, faida itakuja yenyewe kila siku bila mtu kukumbushwa wala kuhimizwa.

Mzigo wa majengo duniani

Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, majengo na kazi ya kujenga hutoa zaidi ya theluthi moja ya hewa ukaa yote inayotokana na matumizi ya nishati na shughuli za viwanda duniani. Mzigo huo una mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la matumizi: umeme na mafuta tunayotumia kupoza, kupasha joto, kuwasha taa, kupika na kuchemsha maji kwa miaka yote ya uhai wa jengo. Fungu la pili ni la vifaa: saruji, nondo, vioo, aluminiamu na tofali, pamoja na malori yaliyovileta. Fungu la kwanza hutoka kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. La pili hutoka lote kwa mkupuo, kabla hata mpangaji wa kwanza hajakabidhiwa ufunguo.

Ni vizuri kuyatenganisha mafungu haya, maana dawa zake ni tofauti. La kwanza dawa yake ni kivuli, upepo na vyombo bora. La pili dawa yake ni kutumia vifaa vichache, vya karibu, visivyochomwa sana, na kutobomoa kinachoweza kukarabatiwa.

Jua, upenu na upepo

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua linakuwa upande wetu wa kaskazini, takriban nyuzi 30 kutoka utosini. Mwezi Desemba linahamia kusini, takriban nyuzi 17 kutoka utosini. Kwa hiyo kuta zinazotazama kaskazini na kusini hupigwa na jua la mchana kutoka juu sana, na jua la juu ni rahisi kulizuia. Piga hesabu mwenyewe: upenu uliotokeza mita 1 hufunika kwa kivuli takriban mita 1.7 za ukuta wa kaskazini saa sita ya mchana mwezi Juni, na zaidi ya mita 3 za ukuta wa kusini mwezi Desemba. Mita 1 ya upenu ni bati kidogo na mbao chache za kenchi. Hailipiwi umeme wa LUKU wala haihitaji fundi wa kuihudumia kila mwaka.

Kuta za mashariki na magharibi zina habari nyingine. Saa kumi alasiri jua limeshuka, linapenya chini ya upenu wowote na kuingia hadi kitandani. Dirisha kubwa la kioo linalotazama magharibi hupitisha zaidi ya robo tatu ya joto la jua linalolipiga, kama kioo ni cha kawaida na hakina kizuizi nje. Pazia la ndani halisaidii sana, kwa kuwa joto limeshaingia. Kinachosaidia ni kizuizi cha nje: baraza pana, tofali za matundu, mbao za kusimama, mwarobaini au mwembe uliopandwa mahali pake.

Kanuni ya kwanza, basi, ni nyepesi. Pale kiwanja kinaporuhusu, nyumba ilale kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, kuta ndefu na madirisha mengi vitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi za magharibi zipewe choo, stoo, ngazi, au zisiwekwe madirisha kabisa. Ulalo huo unafaa pia kwa upepo wetu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, wakati joto limekolea. Kusi hutoka kusini na kusini-mashariki katikati ya mwaka. Nyumba iliyolala hivyo hupata pepo zote mbili kwenye kuta zake ndefu.

Lakini upepo hauingii chumba ambacho hauna pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja ni mfuko. Chumba chenye matundu pande mbili zinazokabiliana ni njia. Vyumba vingi tunavyojenga leo, hasa vya kupangisha, vina mlango mmoja na dirisha moja dogo la aluminiamu la kusukuma, ambalo hata likifunguliwa lote hubaki nusu wazi tu. Tunamnunulia mpangaji nusu ya dirisha, kisha tunamuuliza kwa nini analala nje.

Hapo hatujagusa bati. Bati likichakaa na kushika kutu huwa na rangi nzito na kunywa jua mchana kutwa, kisha humwaga joto hilo chini. Paa jeupe safi hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua angani. Dari yenye nafasi ya hewa juu yake, na matundu ya kuitoa hewa hiyo pembeni, huzuia joto jingine. Francis Kéré alilionyesha hilo katika shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Kuta zake ni za tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Dari ni ya tofali yenye matundu. Juu ya dari kuna paa la bati lililoinuliwa kwa fremu za nondo, hewa ya moto ikapita katikati na kwenda zake. Wanakijiji walishiriki kujenga kwa mikono yao. Mwaka 2022 Kéré alipata Tuzo ya Pritzker, akawa Mwafrika wa kwanza kupewa heshima hiyo katika usanifu majengo. Nchini Kenya, kule Turkana, kuna kampasi ya teknolojia aliyoisanifu yenye minara mirefu ya kutoa hewa ya moto, umbo lake likichukuliwa kwenye vichuguu vya eneo lile.

Pwani haiigi nyanda za juu

Hapa nataka kutoa tahadhari kwa wanafunzi wa usanifu, maana mfano mzuri ukihamishiwa mahali pasipo pake huwa kosa.

Jengo la Eastgate mjini Harare, lililosanifiwa na Mick Pearce na kufunguliwa mwaka 1996, linasifiwa kote kwa kupoa bila mitambo ya kawaida ya viyoyozi. Siri yake ni uzito na usiku. Usiku feni huvuta hewa baridi ya nje na kuipitisha katika njia zilizomo ndani ya sakafu nzito za zege. Zege hupoa. Mchana zege hilo hilo hunywa joto la watu na kompyuta. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hupoa sana. Mbinu hiyo ina maana pia Nairobi, Arusha, Mbeya na Iringa, mahali ambapo ukuta mnene unaweza kuhifadhi ubaridi wa usiku hadi mchana.

Tanga, Mombasa na Unguja haziko hivyo. Usiku wa Februari pwani joto hushuka kidogo tu, na hewa imejaa unyevu. Ukuta mnene uliopigwa na jua mchana kutwa utakurudishia joto lake saa nne usiku, wakati unataka kulala. Pwani, ukuta uwekwe kivulini kwanza, kisha upepo upite mwilini mwa mtu. Kwa vyumba vya kulala, ukuta mwepesi na wenye matundu mara nyingi ni bora kuliko ukuta mzito. Mtu anayeuza ramani moja kwa Bukoba, Dodoma na Lindi hajawatendea haki wateja wake.

Kiyoyozi hulihamisha joto

Simlaumu mtu yeyote kwa kuweka kiyoyozi. Chumba cha upasuaji kinakihitaji, stoo ya chanjo inakihitaji, na mgonjwa au mzee anayeteseka na joto anakihitaji. Ninachosema ni kwamba tusijenge jengo ambalo bila kiyoyozi halikaliki.

Kiyoyozi hakilifuti joto. Hulitoa ndani na kulimwaga nje, likiwa limeongezewa lile la umeme kilioutumia. Katika mitaa iliyobanana, mashine 20 zilizofungwa kwenye ukuta mmoja humwaga joto lote hilo kwenye uchochoro ambao jirani asiye na kiyoyozi anautegemea kwa hewa. Anayelipa ubaridi anaupata. Asiyeweza kuulipia anapata joto la mwenzake.

Tuangalie umeme wenyewe. Kiyoyozi kidogo cha chumba hula takriban wati 1,200 kikiwa kazini. Kwa saa 8 mfululizo ni uniti 9.6. Feni ya wati 60 kwa muda huo huo hula uniti 0.48, yaani moja kwa ishirini, na upepo wake humfanya mtu ajisikie kana kwamba joto la chumba limeshuka nyuzi 2 au 3. Katika chumba chenye kivuli na njia ya upepo, nyuzi hizo hutosha kwa sehemu kubwa ya mwaka. Katika chumba cha kioo kinachotazama magharibi hazitoshi hata kidogo. Uwezo wa feni kumsaidia mtu uliamuliwa na aliyechora ramani.

Kuna pia gesi iliyomo ndani ya mashine. Gesi ya R-410A, ambayo imetumika sana katika viyoyozi vya nyumbani, ina nguvu ya kupasha dunia joto takriban mara 2,000 kuliko hewa ukaa, kilo kwa kilo. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, wakakubaliana kupunguza matumizi ya gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua. Makubaliano hayo ya Kigali yalianza kazi Januari 2019, na wataalamu wanakadiria kwamba yakitekelezwa yanaweza kuepusha hadi nusu nyuzi ya ongezeko la joto duniani ifikapo mwisho wa karne. Mafundi wa viyoyozi mliopo hapa, gesi mnayoiachia hewani mnapofungua mashine kwa matengenezo ni sehemu ya hesabu hiyo. Kuivuta na kuihifadhi kwenye mtungi ni kazi ya mazingira kama kupanda miti.

Saruji, tofali na mchanga

Sasa niingie kwenye fungu la vifaa, na nianze na saruji, kwa kuwa ndiyo msingi wa karibu kila tunachojenga.

Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi, mpaka vigeuke mabonge yaitwayo klinka, ambayo husagwa kuwa saruji. Tunazoea kudhani kwamba uchafu wake unatokana na makaa au gesi inayochoma tanuri. Sehemu kubwa zaidi inatoka kwenye jiwe lenyewe. Ukichukua kilo 100 za chokaa safi na kuzichoma mpaka zigeuke, kilo 44 hupaa kama hewa ukaa. Hata tanuri lingechomwa kwa jua tupu, kilo hizo 44 zingepaa. Ndiyo maana viwanda vya saruji peke yake hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa ya dunia, na mfuko mmoja wa kilo 50 unaoubeba begani umeacha angani kati ya kilo 30 na 40, kutegemea klinka iliyomo.

Dawa ya kwanza ni kupunguza klinka. Majivu ya volkano yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya klinka, na Afrika Mashariki, kuanzia Rungwe na Meru hadi Bonde la Ufa la Kenya, tunayo. Majivu ya pumba za mpunga yaliyochomwa kwa utaratibu mzuri yanaweza pia. Udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa nyuzi 700 hadi 850, ukichanganywa na chokaa iliyosagwa isiyochomwa, hupunguza hewa ukaa ya saruji kwa hadi asilimia 40.

Dawa ya pili ni ya fundi, na haina gharama ila nidhamu. Zege na tofali hupata nguvu zake kwa maji. Zege lisilomwagiliwa walau siku 7 halifiki pale ambapo saruji yake ingeweza kulifikisha. Matofali yaliyoanikwa juani bila kumwagiliwa hupasuka yakipakiwa, hupasuka yakishushwa, na yale yaliyobaki hunyonya maji ya lipu. Kila tofali linalotupwa ni saruji iliyochomwa bure, mchanga uliochimbwa bure na dizeli iliyoungua bure.

Dawa ya tatu ni kutochoma tofali kabisa. Katika mikoa yetu ya nyanda za juu na Morogoro, matanuri ya tofali za kuchoma hula kuni kwa siku kadhaa mfululizo, na misitu ya karibu ndiyo inayolipa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukifundisha kwa miaka mingi tofali za udongo-saruji za kufungamana. Sehemu 1 ya saruji huchanganywa na sehemu 8 hadi 12 za udongo, kutegemea udongo wenyewe. Mchanganyiko hushindiliwa kwa mashine ya mkono, tofali huanikwa kivulini na kumwagiliwa. Hayahitaji kuni hata kidogo. Kwa kuwa yanafungamana, hayahitaji udongo mwingi wa kujengea, na ukuta ukijengwa vizuri hauhitaji lipu. Kinachoyarudisha nyuma ni dhana kwamba udongo ni wa maskini. Lakini kifaa cha karibu hakimshushi mtu hadhi: Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011, ilijengwa kwa mawe ya volkano yaliyookotwa mashambani mwa wakulima, yakachongwa na waashi wa pale pale. Madirisha yake ya juu na feni zake huzungusha hewa ili kifua kikuu kisisambae wodini. Jiwe lililokuwa kero ya jembe likageuka ukuta wa hospitali, ujira ukabaki wilayani, na malori ya vifaa yakapungua.

Mchanga nao una habari yake. Mito ya Dar es Salaam kama Mpiji, Mbezi na Mzinga imechimbwa mchanga hadi kingo zikabomoka na nyumba zikaning'inia. Zanzibar, Serikali imelazimika kuudhibiti uchimbaji kwa sababu mashimo yalikuwa yanakula ardhi ya kilimo. Kisha tunarudi nyumbani na kuuziba uwanja wote kwa vitofali vya sakafu mpaka ukutani. Mvua ya masika haipati pa kuzama, inakimbilia barabarani, na mwisho wake tunauona Jangwani, bonde la Msimbazi linapofurika. Kuacha nusu ya uwanja iwe udongo na miti, na kuvuna maji ya paa kwenye tangi, ni ujenzi wa kijani unaoweza kufanywa na mtu yeyote, tena leo.

Mji Mkongwe, Lamu na Kariakoo

Wajenzi wa pwani waliyajua mengi ya haya. Mitaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na ya Lamu ni myembamba, kuta zikapeana kivuli mchana. Nyumba zina ua wa ndani unaotoa hewa ya moto juu, mabaraza yanayowatenga watu na jua, na madirisha marefu yenye vibao vya mshazari vinavyopitisha upepo huku vikizuia macho. Miji hiyo miwili iko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, Mji Mkongwe tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001.

Lakini tusiwasifu kwa upofu. Mawe yao yalikuwa matumbawe, chokaa yao ilichomwa kwa magogo, na boriti zao zilikatwa mikokoni. Mamilioni yetu ya leo tukijenga hivyo, hatutabakiwa na mwamba wa samaki wala mkoko wa kuzuia mawimbi. Cha kuchukua kwao ni kivuli, njia ya upepo, na ukaribu wa vifaa. Malighafi tutafute nyingine.

Wapo waliolifanya hilo kwa zege. Msanifu wetu Beda Amuli alilichora Soko la Kariakoo, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa mapaa makubwa ya zege yaliyokunjuka kama miavuli. Mapaa hayo yanawapa wachuuzi kivuli, yanaacha pembeni wazi upepo upite, na yanakusanya maji ya mvua kuyapeleka chini kwenye tangi. Jengo la umma la watu maelfu, katikati ya jiji la joto, lilisanifiwa na Mtanzania litegemee hewa ya Mungu. Hilo ni somo lililosimama mbele yetu kwa zaidi ya miaka 50, na kila mwanafunzi wa usanifu anapaswa kulipita akiwa na daftari mkononi.

Na tulinde vilivyopo. Jumba la Beit al-Ajaib la Mji Mkongwe, lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa hesabu ya mazingira kauli hiyo ni kweli tupu: nondo na saruji za jengo lililopo zimeshalipiwa angani. Kulibomoa ili kujenga mnara wa vioo ni kulipa mara ya pili, kabla ya kuwasha taa ya kwanza. Boma la Kale hapa Dar es Salaam, lililojengwa miaka ya 1860 wakati wa Sultani Majid, bado linatumika. Kila mwaka linapoendelea kutumika, gharama yake kwa dunia inazidi kuwa ndogo.

Swali la umeme safi

Nimekuwa nikiulizwa swali zuri na vijana: ikiwa Kenya inapata umeme mwingi kutoka kwenye mvuke wa Olkaria, na sisi tumejenga Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, kwa nini tuhangaike kubana matumizi? Umeme si umekuwa safi?

Nina majibu matatu. La kwanza, maji ya bwawa hutegemea mvua, na tunakumbuka mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2022 na wa 2023 mito ilipopungua. Uniti ambayo jengo halikuihitaji haikatiki wakati wa ukame. La pili, bado kuna kaya nyingi zisizo na umeme, na nyingine zinao lakini zinapikia mkaa kwa kuogopa bili. Umeme unaopoza ukuta wa kioo uliotazama magharibi ungeweza kumtoa mama kwenye moshi na kuacha miti imesimama. La tatu ndilo zito zaidi. Kadiri umeme unavyokuwa safi, ndivyo fungu la vifaa linavyozidi kuwa sehemu kubwa ya madhara ya jengo. Katika nchi zenye umeme kama wa kwetu, msanifu anayejivunia paneli za jua juu ya jengo lenye zege mara mbili ya linalohitajika amepunguza palipo padogo na kuongeza palipo pakubwa.

Kazi ya kila mmoja

Mwenye kiwanja, kabla hujalipia tofali hata moja, simama kiwanjani saa kumi alasiri na uangalie jua linapiga wapi. Uliza upepo wa kaskazi unaingilia wapi. Mdai mchora ramani wako upenu wa mita 1 na dirisha katika kuta mbili za kila chumba cha kulala. Usikubali ramani iliyochorwa kwa ajili ya mji mwingine.

Fundi, mwagilia zege lako. Pima mchanganyiko kwa ndoo, si kwa macho. Jifunze kushindilia tofali za udongo-saruji, maana soko lake litakua na watakaojua mapema ndio watakaoitwa.

Mkadiriaji majenzi, katika jedwali lako la gharama ongeza safu ya hewa ukaa. Kilo za saruji na za chuma unazo tayari. Kinachokosekana ni kuzidisha tu.

Halmashauri na Serikali, mfano upo jirani. Rwanda iliweka mwaka 2019, ndani ya kanuni zake za ujenzi, masharti ya chini ya majengo ya kijani kwa majengo makubwa. Sisi tuanze na majengo ya umma, kwa sababu hapo mjenzi ni sisi wenyewe: kila darasa, kila zahanati, kila ofisi ya kata ichorwe kwa hali ya hewa ya mahali pake. Kibali cha ujenzi kinachokagua umbali wa mpaka na idadi ya vyoo kinaweza pia kukagua kivuli na njia ya upepo bila kuongeza hata siku moja ya urasimu.

Vyuo vyetu viende uwanjani na vipimajoto. Tupate takwimu za nyumba za Mbagala, za Ngamiani na za Mikindani, zilizopimwa na wanafunzi wetu, zichapishwe kwa Kiswahili ili fundi azisome.

Ndugu zangu, katika mambo mengi ya tabianchi nchi zetu zinabeba mzigo uliotwikwa na wengine, na tuna haki ya kulisema hilo katika kila mkutano wa dunia. Katika ujenzi, hata hivyo, uamuzi uko mikononi mwetu kwa kiasi ambacho ni nadra kukipata kwingine. Hatuna mji mzima wa zamani wa kuufumua ili kuusahihisha. Sehemu kubwa ya majengo ambayo watoto wetu watayaishi bado ni karatasi. Kalamu ya kuichora karatasi hiyo iko kwetu, mafundi tunao, udongo tunao, upepo tunao, na elimu tunayo. Nawaomba tuanze na ramani inayofuata.